Marafiki Wanapokutana Tena Januari

"Mulembe!" Salamu hiyo ya Wabukusu, yaani amani, utaisikia katika Kanisa la Marafiki, Bungoma hata Kitale, waumini wanapokutana kuanza mwaka. Mgeni, usitafute maji ya ubatizo wala mkate na divai; kwao hayo ni ya rohoni. Wamisionari watatu Wamarekani walianza Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1946 ukazaliwa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki. Naam, kanisa zima likaitwa mkutano!

Lakini Januari 2008 haikuwa ya salamu. Jirani alimkimbia jirani; Trans Nzoia nako nyumba zikachomwa. Mwezi uo huo Marafiki walikutana Kakamega wakajiuliza: amani tunayoihubiri, itawarudishaje waliochomewa? Walianza kwa kupeleka misaada kambini, kisha wakaketi na waliofiwa, wakawasikiliza.