Tarishi au Mjumbe? Istilahi za RNA na Umri Wake

Mfasiri wa maandishi ya biokemia hukutana mapema na neno ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni jepesi. Katika seli zetu, maagizo ya kutengeneza protini yamo katika DNA, nayo DNA hiyo haitoki katika kiini. Kinachotoka ni nakala, yaani uzi wa RNA unaokwenda kwenye ribosomu, ambako asidi amino huunganishwa moja baada ya moja hata protini ikakamilika. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, waliupa uzi huo jina lenye maana ya mpeleka ujumbe. Neno la kwanza linalomjia mfasiri ni "mjumbe".

Sisi tunaona neno hilo lina kasoro. Mjumbe katika matumizi yetu ni mtu mwenye kauli: mjumbe wa halmashauri hupiga kura, na mjumbe wa nyumba kumi husuluhisha majirani. RNA hii haina kauli; hubeba waraka kama ulivyoandikwa. Isitoshe, Waswahili husema mjumbe hauawi, na huyu huuawa kila siku, tena kwa makusudi. Tunapendekeza "RNA tarishi", kwa mfano wa yule wa ofisini abebaye jalada asilolitunga.

Kuuawa huko ndiko asili ya dhana yenyewe. Ilikwisha kujulikana kwamba bakteria huweza kuanza au kuacha kutengeneza kimeng'enya fulani kwa muda wa dakika chache. Kama nakala ingekuwa ya kudumu, seli ingeendelea kutii amri iliyokwisha kutenguliwa. Katika bakteria *Escherichia coli* RNA tarishi nyingi hudumu dakika chache tu. Katika seli za binadamu nyingi hudumu saa kadhaa. Ile ya globini, sehemu ya himoglobini, huweza kupita siku nzima, maana chembe nyekundu ya damu hupoteza kiini chake ingali changa, na yapaswa kufanya kazi kwa nakala zilizobaki. Uzi huwa na kofia kichwani na mkia nyuma. Kwa kawaida mkia hupunguzwa kwanza, kisha kofia huvuliwa, na vimeng'enya huutafuna uzi uliosalia.

Je, sifa hii ya kudumu tuiiteje? Aghalabu huitwa "uthabiti", na hapo ndipo penye hatari. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2020, hapo awali ilihifadhiwa katika kiasi cha nyuzi 70 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa kuwa RNA iliyomo ni rahisi kuharibika. Mtumishi asomaye kwamba "uthabiti wa RNA umeongezwa" hawezi kujua kama ni uthabiti wa ndani ya chupa au wa ndani ya mwili; na mwananchi mwenye hofu ataelewa kwamba kitu hicho hakitamtoka. Basi "uthabiti" na ubaki kwa kilichohifadhiwa, na ndani ya seli tuseme "umri". Umri una mwisho, tena hupimika: "umri-nusu" ni muda ambao nusu ya nakala huwa zimetoweka.

"Protini ndogo" nayo si salama. Mwalimu wa lishe aweza kudhani ni upungufu wa protini katika chakula, kumbe makusudio ni protini fupi, zenye asidi amino zisizofikia 100 hivi. Kwa miaka mingi watafutaji wa jeni waliziruka, kwani kanuni yao ilikuwa kutohesabu mfululizo wa kodoni ulio chini ya 100. Mwaka 2017 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Yale, walieleza mojawapo ya binadamu, yenye asidi amino 68 tu, ambayo hushikamana na protini zile zile zinazovua kofia ya RNA tarishi. Kumbe kilichorukwa kilikuwa mlangoni mwa shughuli nzima!

Tunapendelea "kiprotini", wingi wake "viprotini". Atakayesema kwamba ki- hudunisha tunamkubalia nusu. Lakini kijiji hakidunishwi na kiambishi chake. Watafiti wenyewe walikiita kiprotini hicho NoBody, na kwa kuwa hilo ni jina la pekee, mfasiri aliache kama lilivyo.