Ubuyu Tunaoula, Mbuyu Tusioujua

Mtu akikwambia "nipe ubuyu", inabidi umuulize kwanza: anataka umbea au anataka kitu cha kumung'unya? Hapa chuoni vyote vipo, tena kwa pamoja. Pakiti moja, watu wanne kitandani, stori za nani kaachana na nani, na kila ulimi mwekundu. Ule wa umbea tuuache leo. Tuongee huu wa kwenye pakiti.

Mti ni mbuyu, tunda ni buyu, na nyama nyeupe, kavu na chachu inayozishika mbegu ndani ya buyu ndiyo ubuyu. Wapishi huchemsha maji na sukari, wakatia rangi nyekundu ya chakula, iliki na wengine pilipili kidogo. Shira ikishika, ubuyu unamiminwa, unageuzwa haraka hadi kila mbegu ivae koti, kisha unaachwa ukauke. Dar na Zanzibar ni ubuyu. Mombasa wanaita mabuyu. Wote tunafanya kitu kimoja: tunafyonza utamu, mbegu tunatema.

Sasa twende Yaeda Chini, wilayani Mbulu, si mbali na Ziwa Eyasi. Huko kwa Wahadzabe, ambao tangu zamani wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kukusanya matunda na asali, ubuyu si kitu cha kupotezea muda. Ni chakula. Wanawake huokota mabuyu, wakayapasua na kuponda ubuyu kwa mawe, kisha unga wake huchanganywa na maji. Na mbegu tunazotema sisi? Nazo hupondwa. Zina mafuta na protini, kwa hiyo anayezitema anatupa sehemu inayoshibisha.

Mbuyu huohuo una utamu mwingine. Nyuki hujenga ndani ya mashimo ya shina, na wanaume hupigilia vigingi vya miti kwenye gome, wakapanda navyo kama ngazi hadi kwenye asali. Mara nyingi anayewaonyesha njia ni ndege, mlembe, ambaye naye hujipatia nta na mabuu yanayobaki.

Haya yote yanahitaji pori. Kwa miaka mingi Wahadzabe wamepoteza eneo kubwa kwa mashamba na malisho, kwa sababu mtu asiyelima wala kufuga huonekana kama hana ardhi. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Maana yake ni kwamba kuokota mabuyu nako ni kutumia ardhi. Wanaosoma sheria hapa waitazame hati hiyo vizuri, maana karatasi bila watu wa kuitetea huliwa na mchwa.

Boom likichelewa huwa tunafarijiana: hata mbuyu ulianza kama mchicha. Ni kweli. Ila mchicha huo ulipata mahali pa kuota, haukupitiwa na jembe wala kwato, ukaachwa ukue kwa miaka mingi kabla ya kuzaa buyu la kwanza. Pakiti yako ya leo ilianzia hapo.