Homoni ya Kuzuia Kuzaa Njiti: Si Kila Mjamzito Inamfaa

Mtoto anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37 huitwa njiti. Mwaka 2020 watoto wa namna hiyo walikadiriwa kufikia milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila kumi, na matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Wanaopona nao, hasa waliozaliwa mapema sana, baadhi yao hukua na mapafu dhaifu, macho yasiyoona vyema au hali ya kuchelewa kutembea na kusema. Si ajabu basi kwamba mama aliyewahi kuzaa njiti, akipata mimba nyingine, huenda kliniki na swali moja kubwa: je, kuna dawa ya kumzuia mtoto huyu asizaliwe kabla ya siku zake? Dawa ipo, nayo ni homoni iitwayo projesteroni. Lakini huwasaidia wanawake wa kundi fulani tu, na kundi hilo hujulikana kwa kipimo. Kugawa homoni kabla ya kupima ni kumpa mama matumaini yasiyo na mizizi, na historia ya dawa hizi inaonyesha kwamba matumaini ya aina hiyo huweza kuleta madhara.

Projesteroni ni homoni ya mwili wenyewe. Mwanzoni mwa mimba hutengenezwa na ovari, kisha kondo la nyuma huipokea kazi hiyo hadi mwisho. Kazi yake ni kuituliza misuli ya mfuko wa uzazi isibane kabla ya wakati, na kusaidia shingo ya kizazi ibaki imefunga. Katikati ya ujauzito shingo hiyo kwa kawaida huwa na urefu wa milimita 35 hadi 40. Kwa baadhi ya wanawake huanza kufupika mapema, pasipo maumivu wala damu, na ikifikia milimita 25 au pungufu hatari ya kuzaa njiti huongezeka sana. Mama hawezi kulihisi jambo hilo, na mkono wa mkunga hauwezi kulipima kwa uhakika. Altrasaundi ya ukeni, inayofanywa kati ya wiki ya 18 na ya 24, ndiyo inayolionyesha.

Ushahidi mzito wa tiba hii unatoka kwa wanawake hao wenye shingo fupi. Katika utafiti ulioongozwa kutoka London na kuchapishwa mwaka 2007, wajawazito 24,620 walipimwa, na 413 tu, chini ya wawili katika kila mia, walikutwa na shingo ya milimita 15 au pungufu. Kati yao, 250 walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu: nusu waliweka kidonge cha projesteroni ukeni kila usiku kuanzia wiki ya 24 hadi ya 34, na nusu waliweka kidonge kisicho na dawa. Waliozaa kabla ya wiki 34 walikuwa asilimia 19.2 kwa waliopata homoni na asilimia 34.4 kwa wenzao. Mwaka 2021 watafiti walikusanya takwimu za majaribio 31 yenye wanawake zaidi ya 11,000. Kwa wenye mimba ya mtoto mmoja waliokuwa katika hatari, projesteroni ya ukeni ilipunguza uzazi wa kabla ya wiki 34 kwa takriban asilimia 22, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye shingo fupi. Kwa wenye mapacha, haikuonekana kuwasaidia.

Sindano ya projesteroni ina habari nyingine. Mwaka 2003 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa projesteroni ya kutengenezwa, iliyochomwa kila wiki, ilishusha uzazi wa njiti kutoka asilimia 54.9 hadi 36.3 kwa wanawake waliowahi kuzaa mapema. Kwa msingi huo, mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha sindano hiyo kwa jina la Makena, kwa sharti kwamba utafiti mwingine uithibitishe. Kampuni iliyoimiliki ilitangaza bei ya dola 1,500 kwa sindano moja, ilhali wafamasia walikuwa wakiichanganya wenyewe kwa dola 10 hadi 20. Utafiti wa kuthibitisha, uliohusisha wanawake 1,708, ulipokamilika haukuona tofauti: waliozaa kabla ya wiki 35 walikuwa asilimia 11.0 kwa waliochomwa dawa na asilimia 11.5 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Watetezi wa sindano walidai kwamba kuiondoa kungewaumiza wanawake weusi wa Marekani, ambao huzaa njiti kwa kiwango cha juu kuliko wengine. Dai hilo linagusa dhuluma ya kweli, lakini dawa isiyofanya kazi haiondoi dhuluma. Humwacha mama palepale alipokuwa, na mfuko ukiwa mtupu. Idhini ilifutwa Aprili 2023, na mwaka uliofuata mamlaka za Ulaya nazo zikaisimamisha.

Wapo wanaosema kwamba homoni ni kitu cha mwili, kwa hiyo hata isiposaidia haitadhuru. Historia inawapinga. Kuanzia miaka ya 1940 mamilioni ya wajawazito walipewa DES, homoni ya kike ya kutengenezwa, ili kuzuia mimba kutoka na watoto kuzaliwa mapema. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ulionyesha kuwa haina faida, na bado madaktari waliendelea kuiandika. Mwaka 1971 ikagundulika kuwa mabinti wa waliopewa dawa hiyo walikuwa wakipata saratani ya uke isiyo ya kawaida wakiwa bado vijana. DES si projesteroni, na projesteroni ya ukeni haijaonyesha madhara kama hayo. Lakini funzo linabaki: kila dawa ya mjamzito hufika kwa watu wawili, na mmoja wao hawezi kulalamika kwa miaka mingi.

Pingamizi la pili ni la kisayansi. Utafiti wa Uingereza na Sweden uliochapishwa mwaka 2016, wenye wanawake 1,228, haukuthibitisha faida ya projesteroni ya ukeni. Basi kwa nini tuitumie? Kwa sababu wanawake wale waliingizwa kwa sababu mbalimbali za hatari, na wenye shingo fupi iliyothibitishwa walikuwa sehemu ndogo tu. Ukichanganya wanaofaidika na wasiofaidika, faida hufifia. Pia kuzaa mapema kuna vyanzo vingi: maambukizi, malaria, mapacha, shinikizo la damu. Homoni haitibu malaria, wala haimwokoi mama mwenye kifafa cha mimba anayelazimika kuzalishwa mapema.

Pingamizi zito zaidi linahusu uwezo: zahanati nyingi hazina altrasaundi, sembuse mtaalamu wa kupima shingo ya kizazi. Je, wa kijijini wakose dawa kwa kukosa kipimo? Jibu limo katika homoni nyingine, deksamethasoni, inayokomaza mapafu ya mtoto pale uchungu wa mapema unapoanza. Mwaka 2015 utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, uliisambaza hadi vituo vya chini ambako umri wa mimba ulikadiriwa tu. Kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa zaidi ya vitatu katika kila elfu. Mwaka 2020 utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, uliitumia dawa ileile katika hospitali zenye altrasaundi na huduma ya wachanga, na vifo vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Umaskini wa vifaa haufanyi dawa inayotolewa bila kipimo kuwa salama. Unatudai tupeleke kipimo, kwanza hospitali za wilaya, na tuwape rufaa mapema wale waliowahi kuzaa njiti.

Kwa hiyo, dada, anza kliniki mapema, mara unapojua una mimba, ili umri wake ujulikane kwa hakika. Kama uliwahi kuzaa njiti, mwambie muuguzi siku ya kwanza na umwombe rufaa ya kupimwa shingo ya kizazi kabla ya wiki ya 24. Ukiandikiwa homoni, uliza unapewa kwa sababu ya kipimo gani. Na wanaopanga bajeti za afya wajue kwamba vidonge vya projesteroni vitaokoa watoto pale tu fedha za altrasaundi na mafunzo ya wapimaji zitakapotangulia.