Sanduku la Magazeti na Kalamu ya Meya

Sogeeni karibu, vijana wangu, nina kisa cha kweli. Hakina sungura wala fisi. Mhusika wake mkuu ni sanduku la chuma, halisemi wala halisikii, limesimama tu kando ya barabara katika miji ya Marekani. Hata hivyo, kesi zake mbili zilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi ile, moja mwaka 1988 na nyingine mwaka 1993, na majaji wenye mvi wakakaa kuumiza vichwa kwa ajili yake.

Kwanza mlijue lenyewe. Huku kwetu gazeti huuzwa na mtu. Asubuhi pale stendi muuzaji hulipanga mezani au hulitandaza chini, watu wakajazana kusoma vichwa vya habari, wakabishana juu ya Simba na Yanga, wengine wakaondoka bila kununua. Marekani nako zamani ilikuwa hivyo, na wauzaji wengi walikuwa watoto. Mwaka 1899 watoto wauza magazeti wa New York waligoma kwa wiki mbili hivi, wakakataa kuyagusa magazeti ya Joseph Pulitzer na William Randolph Hearst. Bei ya jumla ya magazeti 100 ilikuwa imepanda kutoka senti 50 hadi 60, na matajiri wale hawakutaka kuishusha. Bei haikushuka, lakini walikubali kuyarudisha na kuyalipia magazeti yaliyododa mikononi mwa watoto. Kisa hicho ni kirefu, kinastahili siku yake.

Miaka ikaenda, sanduku likachukua nafasi ya mtoto. Mwaka 1947 George Thiemeyer Hemmeter, ambaye kampuni yake ilikuwa Berkeley, California, alibuni sanduku la magazeti linalofunguka kwa sarafu. Unatumbukiza sarafu, unavuta mlango, unachukua gazeti lako, unaufunga. Kabla ya hapo palikuwa na vishubaka vya wazi tu, mtu alipe kwa uaminifu wake. Na hata hili la sarafu liliacha nafasi kwa uaminifu, kwa maana mlango ukishafunguka, magazeti yote yako mbele yako, na hakuna wa kukuzuia usichukue mawili. Nalipenda sanduku hili kwa sababu hiyo.

Likaenea. Gazeti la USA Today lilipoanza mwaka 1982 lilikuja na masanduku ya umbo lake lenyewe, yanayofanana na televisheni iliyowekwa juu ya mguu mmoja, na kila mwenye gazeti naye akataka lake lionekane. Kona moja ya barabara ikawa na sanduku la gazeti kubwa la jiji, la gazeti la mtaa, la gazeti la nyumba za kupangisha, la gazeti la bure la burudani, yote bega kwa bega, kila moja na rangi yake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Njia ya waenda kwa miguu ni ya nani? Si ya mwenye gazeti, wala si ya mwenye duka lililo mbele yake. Ni ya kila mtu, na halmashauri ya mji ndiyo iliyopewa kazi ya kuitunza kwa niaba ya wote. Sasa mfikirieni mama anayesukuma kigari cha mtoto, akute safu ya masanduku yamembakishia upenyo mwembamba. Mfikirieni mtu asiyeona anayepapasa njia kwa fimbo nyeupe. Fimbo inapita chini kwenye mguu mwembamba wa sanduku, haigusi kitu, kisha kona ya chuma inamgonga tumboni. Mfikirieni mzimamoto anayelitafuta bomba la maji usiku, akalikuta limefichwa nyuma ya masanduku matano. Na sanduku likitelekezwa, linashika kutu na kujaa takataka.

Kwa hiyo miji ikatunga kanuni, na nyingi zilikuwa kanuni njema. Sanduku lisizidi kimo fulani na upana fulani. Likae mbali na bomba la zimamoto, mbali na kituo cha basi na pale watu wanapovukia barabara. Lisifungwe kwa mnyororo kwenye mti au nguzo ya taa. Liandikwe jina na simu ya mwenyewe, ili likiharibika ajulikane wa kuitwa. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na vipimo vilivyotokana nayo vinataka njia ibaki na upana wa angalau inchi 36, yaani kama sentimita 91, ili kiti cha magurudumu kipite. Kitu kinachochomoza juu ya njia nacho kiliwekewa mpaka, ili fimbo ya asiyeona ikigundue kabla mwili haujakifikia. Sioni mtu mwema anayeweza kuzipinga kanuni za namna hii.

Lakini sasa twendeni Lakewood.

Lakewood ni mji ulio kando ya Ziwa Erie, katika jimbo la Ohio, umepakana na jiji la Cleveland. Kule Cleveland kuna gazeti la zamani liitwalo Plain Dealer, lililoanzishwa mwaka 1842. Gazeti lilitaka kuweka masanduku yake katika barabara za Lakewood. Mji ukakataa, kwa kuwa wakati huo haukuruhusu mtu binafsi kusimamisha kitu chochote cha namna hiyo kwenye ardhi ya umma. Gazeti likaenda mahakamani, na jaji akaona katazo hilo la jumla linakwenda kinyume na Katiba. Basi mwaka 1983 mji ukatunga sheria mpya.

Isikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Anayetaka kuweka sanduku aombe kibali kwa meya. Kibali ni cha mwaka mmoja. Meya atatoa au atanyima, na akinyima aseme sababu. Bodi ya usanifu ya mji ilikague umbo la sanduku. Mwenye sanduku awe na bima ya dola 100,000, ili likimdhuru mtu mji usibebe gharama. Na mwishoni kabisa, mwombaji atimize masharti mengine yoyote ambayo meya ataona yanahitajika na yanafaa.

Mmelisikia hilo la mwisho? Masharti mengine yoyote. Sheria haikumwambia meya apime nini. Haikusema, tazama upana wa njia, tazama umbali na bomba la maji. Ilimwachia kalamu na karatasi tupu.

Chukueni mfano wa lango la shule. Kanuni ikisema kila aliyevaa sare na kufika kabla ya saa moja na nusu aingie, mwanafunzi anajua la kufanya, na mwalimu wa zamu hawezi kumzuia kwa sababu jana alimuuliza swali gumu. Kanuni ikisema mwalimu wa zamu ataamua nani aingie, basi kila mwanafunzi atajifunza kumchekea mwalimu. Huenda mwalimu ni mtu wa haki tupu, hajamwonea mtu maisha yake yote. Wanafunzi watamchekea vilevile, na maswali magumu yatapungua darasani.

Gazeti la Plain Dealer halikuomba kibali likasubiri kunyimwa. Liliipinga sheria yenyewe mahakamani, na mwaka 1988 kesi ikaamuliwa na Mahakama ya Juu. Majaji wawili hawakushiriki, hivyo walibaki saba. Wanne walikuwa upande wa gazeti, watatu upande wa mji. Jaji William Brennan ndiye aliyeandika hukumu. Alieleza kwamba gazeti linalotegemea kuuza nakala moja moja barabarani, na ambalo kila mwaka lazima lirudi kwa meya kuomba, litaanza kujichunga lenyewe. Uchaguzi ukikaribia litaona heri kumsifu meya aliyeko madarakani, au angalau kutomkosoa. Hakuna atakayelitisha, wala hakuna barua ya vitisho itakayopatikana ya kupelekwa mahakamani. Woga utafanya kazi yake kimyakimya ndani ya chumba cha habari, na wasomaji hawatajua ni habari gani hawakuipata.

Wazo hilo halikuzaliwa siku ile. Mwaka 1938 mahakama ileile ilimpa ushindi Alma Lovell, mwanamke wa Mashahidi wa Yehova, aliyeadhibiwa katika mji wa Griffin, Georgia, kwa kugawa vijitabu vya dini bila ruhusa ya meneja wa mji. Majaji walisema sheria inayomtaka mtu aombe ruhusa ya ofisa kabla ya kugawa maandishi inagusa mzizi wa uhuru wa kuandika. Uhuru huo unalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791.

Si haki niwaeleze upande mmoja tu. Jaji Byron White aliandika kwa niaba ya wale watatu waliopinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kuzungumza barabarani ni haki, lakini kusimamisha sanduku la chuma katika ardhi ya umma na kuliacha hapo usiku na mchana ni jambo jingine. Mji unaweza hata kuyakataza masanduku yote. Na kama meya hajamwonea mtu, kwa nini sheria ifutwe kwa hofu ya jambo ambalo halijatokea? Mimi nasimama na Brennan, kwa sababu uonevu wa aina hii ukishatokea hauachi alama. Hata hivyo White alinilazimisha kufikiri, na ninyi pia msimpite haraka.

Tena angalieni kile ambacho mahakama haikukisema. Haikusema kila mwenye gazeti aweke sanduku popote apendapo. Haikuvunja kanuni za vipimo na usalama. Iliiondoa ile kalamu isiyo na mipaka, na mambo mengine ya sheria ile ikayarudisha mahakama ya chini yakapimwe.

Kisa cha pili kilitokea katika jimbo hilohilo la Ohio, safari hii kusini, Cincinnati, jiji lililo kando ya Mto Ohio. Mwaka 1989 jiji liliziruhusu kampuni mbili kuweka masanduku. Moja, Discovery Network, iligawa bure jarida lililotangaza madarasa na shughuli za kujiburudisha kwa watu wazima. Nyingine, Harmon, iligawa jarida la nyumba zinazouzwa. Jumla yao masanduku 62. Mwaka uliofuata jiji likageuka, likawaambia wayaondoe. Sababu? Majarida yenu ni matangazo ya biashara, na tunataka barabara zetu ziwe salama na za kupendeza.

Sasa toeni madaftari. Masanduku yote jijini yalikuwa kati ya 1,500 na 2,000. Ukiyaondoa 62, katika kila masanduku 100 umeondoa 3 au 4. Yale 96 au 97 yamebaki palepale. Na sanduku la jarida la nyumba si baya zaidi machoni kuliko sanduku la gazeti la habari, wala kona yake haimgongi mtu kwa nguvu zaidi. Hivyo ndivyo Jaji John Paul Stevens alivyoandika kwa niaba ya majaji sita, dhidi ya watatu, mwezi Machi 1993. Kama shida ni wingi wa masanduku, jiji lipunguze idadi. Kama shida ni ukubwa au sura, liweke kipimo cha ukubwa na sura, na kipimo hicho kiwahusu wote. Kuchagua sanduku la kung'oa kwa kusoma kilichomo ndani, huku ukisema unasafisha barabara, hakukubaliki.

Miji mingine ilikuja na ufumbuzi wa kupendeza. San Francisco, kwa mfano, iliweka makabati ya pamoja yenye milango mingi, yaliyosimama juu ya mguu mmoja imara, badala ya utitiri wa masanduku. Njia ikapata nafasi, macho yakapumzika. Ila kabati la milango minane likitakiwa na magazeti kumi, swali la Lakewood linarudi mlangoni. Nani atapata mlango? Likiamuliwa kwa kura au kwa aliyetangulia kuomba, ni sawa. Likiamuliwa na ofisa kwa kulitazama gazeti lenyewe, tumerudi kwa meya na kalamu yake.

Siku hizi masanduku hayo yanatoweka. Watu wanasoma habari kwenye simu, magazeti mengi yamekufa au yamepungua, na baadhi ya masanduku matupu yamegeuzwa kuwa maktaba ndogo za mtaani au mahali pa kuachia chakula cha mwenye njaa. Lakini hukumu ya mwaka 1988 haikuondoka nayo. Wanasheria wa Marekani wanaitaja hadi leo katika kesi za vibali vya maandamano, mikutano na mabango.

Nanyi mnao mji wenu au kijiji chenu, na kina sheria ndogo zake kuhusu vibanda, meza za biashara, mabango na mikutano. Si siri. Mwombeni mwalimu awasaidie kuzipata kutoka halmashauri, mzisome pamoja darasani, na kila mtakapokuta neno kibali, tafuteni mstari unaosema kibali hicho kinatolewa kwa vigezo gani. Msipouona, andikeni barua kwa diwani wenu, mumuulize.