Tiyo ao fishie: namna programu mbili zinapashana kazi mu ordinatere

Programu moja inarekodi sauti. Ingine inapunguza uzito wa ile sauti ili ipite ku intaneti. Lakini mu ordinatere kila programu iko na nafasi yake, na moja hairuhusiwi kuingia mu nafasi ya ingine. Sasa sauti inapita wapi?

Njia ya kwanza ni fishie. Programu ya kwanza inaandika ku disk, ya pili inakuja kusoma. Ni kama maji mu bidoni: ukilala, kesho utayakuta.

Njia ya pili inaitwa tiyo. Vyenye vinaingia upande mmoja vinatokea upande wa pili bila kupitia ku disk. Wazo hilo lilitolewa na Douglas McIlroy mwaka 1964, kule Bell Labs nchini Marekani. Mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson akaliingiza mu mfumo wa Unix. Linux, na simu za Android zenye zimejengwa juu yake, ziko na tiyo hiyo mpaka leo.

Mu Linux, tiyo kwa kawaida inabeba oktete 65 536 tu: haifike nusu sekunde ya sauti ya CD. Ikijaa, mwenye kuandika anangoja. Ikiwa tupu, mwenye kusoma anangoja. Njo maana disk haijai.

Na umeme ukikatika? Vyenye vilikuwa mu tiyo vinapotea vyote. Fishie yenye ilikwisha kufika ku disk inabaki.

Fishie nayo iko na shida yake: programu ya pili inaweza kuifungua mbele ya kwanza haijamaliza, ikachukua nusu. Dawa ni kuandika kwa jina la muda, kisha kubadilisha jina wakati kazi imeisha, ku disk ile ile. Hapo mwenye kusoma atakuta yote ao hatakuta kitu.

Kwa matangazo ya moja kwa moja, tiyo inafaa. Kwa orodha ya wagonjwa ao ya malipo, fishie. Mukitaka zote mbili, Unix iko na programu ndogo yenye jina tee: inapitisha mu tiyo na kuacha kopi mu fishie.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akiwaletea programu ya kutuma orodha za kituo chenu cha afya, mumuulize: umeme ukikatika katikati, orodha yetu itabaki wapi?