Duka Lisilotembea

Kila nirudipo Dar es Salaam kutoka ughaibuni, macho yangu hukimbilia vibao vya steshenari, vile vyumba vidogo ambamo mtu hupigiwa chapa barua, hutolewa nakala za vyeti, au hununua daftari la mtoto. Na aghalabu neno lililoandikwa juu ya mlango kwa Kiingereza ni "stationary", maana yake kilichosimama pasi na kwenda, ilhali mwenye duka alikusudia "stationery", yaani karatasi, kalamu, bahasha na vifaa vyote vya kuandikia. Kinywani mwa Mwingereza mwenyewe maneno hayo hutamkwa sawasawa. Hitilafu yao ni herufi moja tu. Zamani nilikuwa nikicheka, mpaka nilipodurusu asili yake.

Hapo kale wachuuzi wengi wa Ulaya walizunguka na bidhaa mabegani, leo soko hili, kesho lile. Lakini mwuza vitabu, kwa kuwa mali yake ilikuwa nzito na ya thamani, tena wateja wake walikuwa wanazuoni wa miji kama Bologna, Paris na Oxford, waliomtegemea awaazime kwa ujira nuskha sahihi za kunakili, ilimlazimu akae mahali pamoja, na kwa kukaa huko akaitwa kwa Kilatini "stationarius", mwenye kituo. Watu wa kazi hiyo walifanya chama chao London mwaka 1403, wakapata hati ya kifalme mwaka 1557, iliyowapa mamlaka makubwa juu ya uchapaji wa vitabu. Baadaye jina la mwuzaji, "stationer", likazaa jina la bidhaa zake, kama "bakery" lilivyozaliwa na jina la mwoka mikate. Ndiyo sababu ya ile "e".

Sasa tazama: Kiswahili kilipoyapokea, moja likawa bekari, la pili steshenari, yote yakiishia "-ari"; basi anayelirudisha neno katika Kiingereza kwa kufuata sikio ataandika nini illa "a"? Na stesheni ya gari moshi ni ndugu wa "stationary" na "stationery", wa shina moja. 

Juzi nilisimama Kariakoo mbele ya kibao kimoja cha "stationary". Wamachinga walikuwa wakipita na kalamu na madaftari mikononi, wakinadi, naye mwenye duka ameketi nyuma ya mashine yake ya fotokopi, hatoki. Nikanunua bahasha mbili, wala sikumwambia neno.