Namba Zisizo na Kazi: Mlaji na Mafumbo ya Hesabu

Yapo mafumbo ya hesabu ambayo hayamfichi msomaji kitu chochote. Humpa namba nyingi kuliko anazohitaji, kisha humwacha azichanganye mwenyewe hadi apotee. Mbinu hiyo hukutwa pia katika matangazo ya bei na mikopo, ila huko anayekosea hupoteza fedha zake. Makala hii inaeleza jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi na namna mlaji anavyoweza kujikinga.

Umri wa nahodha

Mwaka 1841 mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alimwandikia mdogo wake, Caroline, fumbo lililojaa habari za meli, kisha akamuuliza umri wa nahodha. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule swali la namna hiyo: "Ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani?" Kati ya watoto 97, 76 walipiga hesabu kwa namba hizo na kutoa jibu. Ni kweli kwamba 26 na 10 ni 36, na miaka 36 ni umri unaomfaa nahodha. Lakini idadi ya mifugo haielezi umri wa mtu. Jibu sahihi lilikuwa kwamba habari hazitoshi.

Shilingi elfu moja iliyopotea

Wasafiri watatu walilipia chumba cha gesti Sh 10,000 kila mmoja, jumla Sh 30,000. Mwenye gesti alibaini kuwa bei ni Sh 25,000, akamtuma mhudumu awarudishie Sh 5,000. Mhudumu alificha Sh 2,000, akampa kila msafiri Sh 1,000. Basi kila mmoja amelipa Sh 9,000, jumla Sh 27,000. Ukiongeza Sh 2,000 za mhudumu, unapata Sh 29,000. Elfu moja imekwenda wapi?

Haikupotea. Sh 2,000 za mhudumu tayari zimo ndani ya Sh 27,000. Sh 25,000 zilizobaki anazo mwenye gesti. Kuziongeza tena ni kuzihesabu mara mbili. Namba 30,000 ilikwisha kazi pale fedha ziliporudishwa, lakini msimuliaji huirejesha ili msikilizaji atafute kisichokuwapo.

Dukani na kwa mkopeshaji

Chukua mfano wa mafuta ya kula. Dumu la lita 5 limebandikwa "Punguzo! Zamani Sh 38,000, sasa Sh 34,000." Kando yake kuna dumu la lita 3 kwa Sh 19,500. Bei ya zamani huvuta macho, lakini haina kazi. Swali la mlaji ni bei ya lita moja: Sh 6,800 katika dumu kubwa, Sh 6,500 katika dogo. Dumu lenye punguzo ndilo ghali zaidi.

Mfano wa pili ni mkopo wa Sh 300,000: "Dakika 10 tu! Wateja 40,000! Riba asilimia 10!" Kwa maandishi madogo imeelezwa kuwa riba hiyo ni ya kila mwezi, marejesho ni Sh 80,000 kwa miezi 6, na ada ya Sh 15,000 hukatwa mwanzoni. Mlaji atapokea Sh 285,000 na kulipa Sh 480,000. Gharama ya mkopo ni Sh 195,000, wala si Sh 30,000 kama asilimia 10 inavyoweza kumfanya adhani.

Hatua za kufuata

1. Andika swali lako kabla ya kusoma namba: Nitapokea kiasi gani? Nitalipa jumla ya kiasi gani?
2. Chagua namba zinazojibu swali hilo, nyingine zikate.
3. Namba inayohitajika isipokuwapo, usikisie. Iombe kwa maandishi kabla ya kutia saini.
4. Hakiki jibu kwa kufuata fedha: zimetoka kwa nani, na sasa ziko kwa nani?

Mlaji hahitaji kuwa bingwa wa hesabu. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kunatosha, mradi ajue kwanza anachokitafuta. Muuzaji au mkopeshaji asiyekuwa tayari kutaja jumla ya malipo asipewe saini.